Mwalimu Momenti

Ilikuwa Jumamosi ya tatu wiki hiyo, na kalenda ya ukutani ilisema Alhamisi.

Chepngeno aliitangaza Jumamosi hiyo akiwa amempa mumewe mgongo, anakoroga uji, kwa sababu bado hakuwa amejifunza kumdanganya akimtazama usoni. Nyuma yake Mwalimu Weldon alikuwa ameshavaa: suruali ya kijivu iliyonyooshwa kwa pasi ya makaa, shati jeupe, sweta, na kalamu mbili mfukoni, moja ya bluu na moja nyekundu. Alikuwa anainama chini ya meza kutafuta viatu vyake. Viatu vyenyewe vilikuwa ndani ya pipa la mahindi, chini kabisa, mahindi yakiwa juu yake.

"Leo ni Jumamosi, Mwalimu. Hakuna shule."

Mwalimu akajiinua, mkono mmoja kiunoni. "Jumamosi. Jana ilikuwa nini?"

"Ijumaa."

"Na kesho?"

"Jumapili."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa hesabu isiyolingana, lakini akaketi, akapokea uji wake. Chepngeno akashusha pumzi. Alijua anacheza na moto. Jumatatu alisema uongo uo huo na ukakubalika vizuri, lakini Jumanne mzee aliamka akikumbuka, na mtu aliyeambiwa kwamba kesho ni Jumapili atafanya nini kesho ikifika? Alivaa tai, akachukua Biblia na kitabu cha nyimbo, akatia miguu kwenye viatu vya kanisani ambavyo hakuna aliyefikiria kuvificha, akateremka hadi kanisani. Alikaa kwenye ngazi, mlango ukiwa na kufuli, mpaka saa saba mchana. Jirani yao Chepchirchir ndiye aliyempata na kumrudisha.

"Mwalimu ananiambia watu wa siku hizi wamepoa sana katika imani," alisema Chepchirchir, akicheka na kufuta macho kwa wakati mmoja.

Tangu siku hiyo na viatu vya kanisani viliingia kwenye pipa.

*

Mambo haya ya Jumamosi yalianzia shuleni. Wiki iliyotangulia Chepngeno aliitwa na mwalimu mkuu, Madam Phelis, mwanamke wa makamo aliyehamishiwa hapo mwaka juzi na ambaye hakuwa na ubaya wowote na mtu. Aliketishwa kwenye benchi la watoto nje ya ofisi, magoti yamemfika kifuani, gambuti zimejaa tope la shamba la chai, akangoja. Watoto waliotumwa chaki walipita mbele yake wakilitazama tope hilo. Alipoitwa ndani alikuwa ameshasahau namna ya kukaa kama mtu mzima.

"Mama Kiptanui, sijui nianzie wapi," alisema Madam Phelis. "Mzee ameingia Gredi ya Tano mara tatu. Anafuta kazi ya mwalimu ubaoni, anaanza yake. Mwalimu ni msichana mdogo, anaogopa kumwambia toka."

"Alifundisha hapa miaka thelathini na nne, Madam."

"Najua. Picha yake iko hapo nyuma yako. Lakini kuna mzazi ameandika barua, na barua ikifika juu nitaulizwa mimi." Akapangapanga kalamu zake mezani. "Watoto wanamcheka, mama. Wanamwita kwa sauti lile jina lake la utani. Hiyo ndiyo inaniuma. Nimemwambia Onyiego wa geti asimruhusu tena."

Na Onyiego hakumruhusu. Kesho yake Mwalimu alisimama nje ya geti tangu kengele ya kwanza, mvua ikamkuta hapo, akainua kidole kimoja kumwelekea askari. "Momenti, kijana. Nina kipindi." Onyiego, mtu mzima mwenye wajukuu, alimtolea mwavuli wake mwenyewe lakini hakufungua geti. Chepngeno alipokuja kumchukua, watoto walikuwa wamejipanga kwenye ua wa waya wakiimba "Momenti! Momenti!" Alimshika mkono mumewe na kumpandisha kilima bila kugeuka nyuma. Aliona aibu, na baadaye akajionea aibu kwa kuona aibu.

Jina hilo wazazi wa watoto hao ndio walioliunda, na wao waliliunda kwa mapenzi. Kila Darasa la Saba lililopita mikononi mwa Mwalimu Weldon lilipata somo moja ambalo hakuna shule nyingine ililipata. Aliingia, akainua kidole, akaandika MOMENT ubaoni, na chini yake ndugu zake wote: instant, second, minute, jiffy, while. Kisha akawakataza kufungua kamusi. Kamusi inajua Kiingereza, aliwaambia, lakini haiwajui ninyi. Kila mtoto alete maana kutoka nyumbani kwao, kitu alichokiona kwa macho yake, cha urefu huo huo. Kuna waliolia wakitafuta. Kuna aliyeleta kuku akitaga.

Haya yote Chepngeno aliyasikia kwa watu tu, nusu nusu, kanisani na harusini. Yeye aliachia shule darasa la tatu kulea wadogo zake, na katika miaka yote hiyo thelathini na nne hakuwahi kukanyaga darasa la mumewe. Kazi yake ilikuwa kufua chaki kwenye mikono ya sweta. Kiingereza kilikuwa nyumba nyingine ya Mwalimu, na yeye hakuwahi kukaribishwa huko hata kwa chai.

*

Simu ya Kiptanui ilikuja Alhamisi hiyo hiyo, uji ukiwa bado na moto. Kiptanui ni kifungua mimba wao, anakaa Nakuru, anafanya kazi ya bima, na anapiga simu akiwa amesimama. Mama yake alisikia hivyo kwenye sauti.

"Mama, nakuja Jumamosi. Jumamosi ya ukweli."

Chepngeno akatoka nje na simu. "Nani amekuambia?"

"Haijalishi. Mama, unaficha viatu vya baba ndani ya mahindi. Hiyo ni maisha gani?"

"Viatu haviharibiki ndani ya mahindi."

"Nimepata nafasi huku. Ni nyumba ya masista, wanaangalia wazee, kuna nesi, kuna geti nzuri. Si mbali, unaweza kuja kumwona."

"Mimi sijasema nimechoka, Kiptanui."

"Hujasema. Wewe hutasema mpaka uanguke." Akavuta pumzi. "Mama, mimi simfukuzi baba. Naogopa. Huko chini kuna mto, kuna lami, malori yanashuka kama hayana breki. Basi tufanye hivi: asipotoka tena peke yake mpaka nifike, tutaongea. Akitoka hata mara moja, naenda naye."

Chepngeno alikubali. Alibaki nje, simu mkononi, akitazama mistari ya chai ikiteremka hadi kwenye mikaratusi. Kitu kilichomtisha hakikuwa geti la masista. Wiki mbili zilizopita Mwalimu aliamka, akamtazama kwa adabu kubwa kutoka kwenye mto wake wa kitandani, akamwuliza, "Samahani, mzazi. Wewe ni mama wa mtoto gani?" Ilichukua muda kabla ya uso wake kufunguka, akamwita kwa jina. Kama mtu analala kando yako miaka arobaini na saba na bado asubuhi anakuita mzazi, basi akilazwa Nakuru kati ya wageni, wiki ngapi zitatosha kukufuta kabisa? Hilo hakumwambia Kiptanui. Hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

*

Ijumaa alifunga geti kwa waya, akaupinda waya mara nne, akaingia kuchuma. Chai haingoji mtu. Ukiiacha siku tatu inakomaa, na karani wa kiwanda anakurudishia kikapu chako mbele za watu. Alichuma akiwa ameelekea nyumbani. Kila baada ya hatua chache aliinua kichwa akaona shati jeupe kibarazani, likiwa limetulia.

Halafu ikaja mvua ya mawe. Haikukaa sana, lakini ilimlazimu kujikinga chini ya mti na kikapu kichwani, na ilipokatika shati jeupe halikuwepo.

Waya ulikuwa umekunjuliwa vizuri na kuwekwa juu ya nguzo, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Viatu vilikuwa palepale kwenye mahindi. Alikuwa ameenda na malapa.

Chepngeno alishuka hadi shuleni mbio, kikapu bado mgongoni kwa sababu hakukumbuka kukitua. Onyiego alitoka kwenye kibanda chake.

"Leo hajafika, mama. Hata mimi nilikuwa najiuliza yuko wapi, nimemzoea."

Kanisani palikuwa na kufuli. Barabarani aliuliza mwenye boda, akaambiwa hapana. Alisimama kwenye njia panda ya mtoni, miguu ikikataa kushuka, akiwaza jinsi atakavyompigia Kiptanui na neno gani litatangulia. Simu ikalia kabla hajalipata. Alikuwa Chepchirchir.

"Mwalimu yuko hapa kituoni kwa majani. Usikimbie, utaanguka. Kuja tu pole pole, na uje na chai yako, lori halijafika."

*

Lori kutofika si habari. Kituo cha kuuzia majani kiko juu ya barabara, paa la mabati na nguzo, meza ndefu za kuchambulia, mizani inaning'inia katikati. Lori la kiwanda linatakiwa kufika saa nane. Linafika saa kumi, saa kumi na moja, na mvua ikinyesha linafika Mungu akipenda. Watu hukaa hapo na vikapu vyao, wakiyageuza majani yasipate joto, wakisengenya, wakisinzia. Ukijumlisha saa ambazo wakulima wa upande huo wamekaa wakingoja lori, utapata maisha ya mtu mzima na chenji juu.

Siku hiyo hakuna aliyekuwa anasinzia. Chepngeno alisikia sauti kabla hajafika, sauti aliyoijua lakini si hivyo: nzito, yenye mpangilio, isiyotafuta maneno. Akapunguza mwendo. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya ubao mweusi ambao karani huandikia matangazo ya kiwanda. Matangazo yalikuwa yamefutwa. Paliandikwa MOMENT, kwa mwandiko ulionyooka kabisa, na mbele yake watu kama arobaini, wenye mvi na wasio na mvi, walikuwa wamekaa kwenye mabenchi vikapu vikiwa kati ya magoti.

"Wewe mwenye koti la manjano," alisema Mwalimu.

Aliyeinuka alikuwa Osoro, karani mwenyewe, baba wa watoto wanne, ambaye wakulima humwogopa kwa sababu mizani ni yake. Baba yake alihamia huku kutoka Kisii kuchuma kwenye mashamba makubwa, naye akasomea kwa Mwalimu. Aliweka mikono nyuma.

"While, Mwalimu. Ni muda wa mke wako kuchuma mstari mmoja wa chai akiimba. Na akiwa amekasirika, anaumaliza kabla chai yako haijapoa kikombeni."

Kituo kizima kikacheka. Chepngeno, aliyekuwa ameegemea nguzo ya mwisho nyuma ya watu, hakucheka. Alifikiri hakusikia vizuri.

"Instant," alisema Mwalimu.

Mwanamke wa mbele akainuka na majani yakamwagika. "Njiti ya kiberiti ikiwaka kwenye upepo, na mke wako ameshaikinga na kiganja."

"Jiffy."

"Ni ule muda unasema nakuja sasa hivi, na mke wako anafunika chakula chako kwa sahani kwa sababu anakujua."

"Na hili lenyewe?" Akagonga ubao. Walijibu wote pamoja, wakulima wazima, kwa sauti ya kukariri ambayo haikuwa imewatoka tangu wavue kaptura na sare:

"Maziwa yakianza kupanda kwenye sufuria, mpaka mkono wake uyaondoe motoni."

"Yamewahi kumwagika?"

"Hayajawahi, Mwalimu."

Chepchirchir alikuwa amesogea kando ya nguzo. Alimtazama Chepngeno, akashangaa.

"Kwani hukujua? Hiyo ndiyo mifano yake tangu zamani, alitoa ya kwake kwanza ndipo akatutaka ya kwetu. Sisi watoto wa mtoni tulikuwa tunapita kwenu kuchungulia jikoni tuone kama yatamwagika. Siku moja ulitufukuza na mwiko."

Chepngeno aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa amedhani ni wezi wa mapera. Akakitua kikapu chini polepole. Alifurahi, na furaha yenyewe ikamkasirisha. Miaka thelathini na nne mtu huyu alimbeba kila siku kwenda darasani, akamfundisha kwa watoto wa watu, akarudi jioni na kusema tu kwamba uji una chumvi kidogo. Hakusema. Angepungukiwa na nini kusema?

Lori lilifika saa kumi na moja na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelikimbilia. Osoro, kabla ya kupima kikapu chochote, alichukua karatasi ya kiwanda, akageuza upande usioandikwa, akaandika kwa herufi kubwa, akapiga hata mhuri wake wa kupokelea majani. Akampa Mwalimu kwa mikono miwili.

"Ratiba yako, Mwalimu. Ya shule ya asubuhi wamempa mwingine. Wewe umepewa sisi. Saa nane mpaka lori lifike."

Mwalimu aliisoma yote, na mhuri akausoma. Kisha akaikunja na kuitia mfukoni kati ya kalamu zake. "Ingekuwa vizuri ningearifiwa mapema," alisema.

*

Kiptanui alifika Jumamosi saa nne, gari safi, mikono ya shati imekunjwa. Baba yake alikuwa kibarazani akisoma ratiba. Tangu alfajiri hakuwa ameulizia viatu. Aliamka, akaisoma ile karatasi, akasema kwamba kipindi ni mchana, akarudi kulala. Mwalimu anaweza kubishana na mke, askari na Mungu, lakini hajawahi kubishana na ratiba.

"Chamgei, baba," alimsalimu Kiptanui.

Mwalimu akainuka, akamshika mkono kwa heshima. "Karibu, afisa. Ukaguzi ni leo?"

Kiptanui akaubana mkono huo. Akasema ndiyo, ni leo, akapita ndani haraka. Jikoni alimkuta mama yake, na begi la nguo za baba likiwa halijafungwa wala halijaguswa.

"Jana alitoka peke yake," alisema Chepngeno kabla hajaulizwa. "Na malapa. Nilikuwa chini ya mti kwa sababu ya mawe. Nakuambia mimi mwenyewe usije ukaambiwa na Chepchirchir."

"Basi mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana. Begi liko hapo, sitakuzuia. Lakini umekunywa chai ya baba yako miaka mingi. Ngoja mpaka saa nane."

"Kuna nini saa nane?"

"Kuna kipindi."

Kiptanui alitazama saa ya mkononi, akatazama mlangoni ambako baba yake alikuwa anajisomea kwa sauti ya chini. Alikaa kwenye kigoda alichokikalia alipokuwa mdogo, na kigoda kikalia chini yake. Mama yake akabandika maziwa. Mara moja Kiptanui alitaka kusema kitu kuhusu nesi, akaona mama yake ameinamia sufuria, akaacha, akautazama mkono wa mama ukiyangoja maziwa.

Saa saba na nusu Chepngeno alizamisha mkono kwenye pipa mpaka begani, akatoa viatu, akavifuta vumbi la mahindi kwa pindo la leso. Alipiga magoti mbele ya mumewe na kumfunga kamba.

"Leo ni siku gani?" aliuliza Mwalimu.

Chepngeno akainua uso akamtazama machoni. "Leo ni Jumamosi," alisema. "Lakini unafundisha."

*

Watu walikuwa wengi kuliko chai. Kuna waliokuja na vikapu vya kuonewa huruma, majani ya kufunika kitako cha kikapu tu, na mmoja hakuwa na shamba kabisa. Alikuwa amekuja kutoka Litein kwa sababu dada yake alimpigia simu. Madam Phelis alikuwa amesimama pembeni na leso ya kichwa ya nyumbani, si ya shuleni, na Onyiego nyuma yake bila mwavuli. Ubao ulikuwa umeoshwa.

Mwalimu aliandika neno lake, akageuka, akapitisha macho kwenye mabenchi kama mtu anayehesabu mifugo yake mwenyewe. Yakatua kwa Kiptanui.

"Wewe mwenye viatu safi. Lete ya kwenu."

Kiptanui alisimama. Mwaka wake wa Darasa la Saba alikuwa amemjibu baba yake kwa maneno ya kamusi, yote, bila kosa, na baba yake alimwambia aketi kwa kuwa amekuja mikono mitupu. Hakuwa ameisahau. Sasa, mtu mzima wa bima, alifungua mdomo, na alichokuwa nacho kilikuwa kingi mno kutoka kwa mara moja. Alisimama tu, machozi yakimshuka mbele za watu waliomjua akiwa na kamasi.

Mwalimu alimsubiri kwa muda mrefu, bila kumharakisha.

"Keti," alisema mwishowe, kwa upole. "Si lazima leo. Utaniletea Jumatatu."

Kiptanui akaketi. Kisha macho ya Mwalimu yakaenda nyuma kabisa, kwenye nguzo ya mwisho.

"Na wewe mwenye kikapu. Wewe uko hapa kila siku na hujawahi kunijibu hata mara moja."

Vichwa arobaini vikageuka. Na hapo hapo, baada ya miaka yote ya kuchelewa, lori la kiwanda likatokea kwenye kona, saa nane na nusu tu, likinguruma na kupiga honi. Watu wakaguna. Mtu mmoja akasema kwa uchungu kabisa kwamba watu wa kiwanda hawana heshima ya saa. Dereva alirudi nyuma mpaka kwenye mizani, moshi ukaingia kituoni, hakuna kilichosikika.

Mwalimu alimgeukia, akainua kidole kimoja.

"Momenti."

Dereva alikuwa mwanafunzi wake wa mwaka wa tisini na sita. Akazima injini.

Matone ya maji yakasikika yakianguka kutoka kwenye mabati. Wote walijua atasema nini, ya maziwa, na walikuwa tayari kumsaidia. Lakini Chepngeno alikuwa amesikia sheria kama wengine: lazima iwe ya kwako, na uwe umeiona kwa macho.

"Ni asubuhi," alisema. "Ukifungua macho, unaniangalia, na hujaniita bado. Ni huo. Kuna siku ni mfupi. Kuna siku ni mrefu mpaka naogopa. Mimi nakaa tu hapo, nangoja."

Mwalimu alimtazama, paji la uso limekunjamana, chaki mkononi. Aliugeukia ubao, akabaki amesimama mbele yake, na wote wakamwona mgongo wake ukiwa umetulia. Halafu mkono ukainuka. Chini ya MOMENT, mahali pa instant na jiffy na wengine wote, akaandika taratibu, bila kumwuliza mtu jina: CHEPNGENO. Akapiga mstari chini yake kwa rula ambayo ilikuwa kidole chake.

Kiptanui aliinuka, akapita kati ya mabenchi, akamtwalia mama yake kikapu. Hakwenda nacho kwenye mizani bado. Alikishika tu, kama wengine walivyovishika vyao, na lori lilibaki limezimwa mpaka Mwalimu alipoweka chaki chini.